Mama Mkwe Hachemki Tena

Kwa Mwenyekiti,
Chama cha Ushirika cha Wakulima.

Kupitia kwa Karani wa Chama, ambaye ataifungua kwanza hata kama nisingeandika kwamba inapitia kwake.

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: KUZIBULIWA KWA KOKI YA MAJI YA TREKTA BILA DEREVA KUULIZWA

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na nyumba yako yote, na kwamba kile kiuno chako kimepata nafuu. Mimi si mzima sana, na sababu za kutokuwa mzima ndizo zinazofuata.

Kichwa cha habari hapo juu chahusika. Nami nahusika kuliko kichwa chenyewe, maana ndimi dereva wa lile trekta kuukuu la chama, ambalo wanachama wote wanaliita Mama Mkwe kwa sababu husalimiwa kwa mbali na haliendewi mikono mitupu: ukimwendea, umchukulie maji. Tangu nikabidhiwe usukani, Mama Mkwe amekuwa akichemka kila siku ya kazi, jua linapofika utosini. Mvuke unapanda, nazima injini, nashuka, nakwenda kuomba maji nyumba ya jirani. Sikuwahi kulalamika. Chama nacho hakikuwahi kulalamika. Tuliishi.

Sababu ya kuchemka ilijulikana na kila mtu, kama mtu anavyolijua goti lake bovu. Ubavuni mwa injini, chini kabisa, kuna koki ndogo ya kutolea maji machafu. Koki hiyo ilikuwa imeziba. Ukiifungua, halitoki hata tone. Kwa hiyo maji yote tuliyomimina juu yaliacha tope na kutu yake chini, tope likajaa tumboni mwa injini, na injini yenye tumbo la tope hupata joto. Ni hivyo tu. Si ugonjwa, ni umri.

Naomba pia ukumbuke kanuni ya chama, iliyoandikwa kwa rangi nyeupe kwenye madigadi ya gurudumu la kushoto: DEREVA HASHUKI MPAKA INJINI IMECHEMKA. Kanuni hii ya saa za kazi tuliipitisha wote kwa kunyoosha mikono, kwa kuwa ikichemka ndipo huzimwa, baada ya dereva aliyenitangulia kushuka kwenda kusalimia watu huku injini inanguruma, trekta likaenda zake peke yake, likalima uwanja wa mpira wa shule pamoja na goli moja. Mimi nami nilinyoosha mkono. Na mpaka leo sijaivunja.

Sasa nieleze kosa lilivyotendeka.

Mwezi uliopita chama kiliajiri fundi mpya, yule tunayemwita Fundi Kimya kwa kuwa salamu zake ni kukohoa. Asubuhi moja nilifika bandani nikamkuta amelala chali chini ya Mama Mkwe, injini ikiwa baridi, mfuniko wa rejeta ya maji umeshafunguliwa ili hewa iingie na maji yapate kushuka. Alikuwa ameing'oa koki nzima kwa spana. Tundu lilikuwa wazi na bado hakitoki kitu, na moyo wangu ukatulia kidogo, nikajua Mama Mkwe anajitetea. Ndipo akatoa kitu chembamba cha chuma, kirefu, kina kindoano nchani, akakiingiza tunduni, akawa anakizungusha taratibu na kukivuta, anazungusha na kuvuta, huku sikio lake ameliegemeza kwenye injini.

Kwanza likatoka tone moja jeusi. Halafu injini ikafanya kama inayosafisha koo. Halafu, Ndugu Mwenyekiti, likatoka tope la miaka yote, zito, jekundu, na magamba ya kutu kama maganda ya rangi ya mlango wa zamani. Akachukua mpira wa maji, akauchomeka juu kwenye rejeta, akasukuma maji mpaka yakatoka chini safi kabisa, mtu angeweza kuyanywa. Akafunga koki mpya. Akakohoa, akaondoka. Mimi nilibaki nimesimama pale nikilitazama lile tope likikauka sakafuni, na nilitamani kulia.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu amekuja, na aliyepona ni trekta. Madhara ni haya:

1. Mama Mkwe mwenyewe ameonewa. Mwenye umri ule hushtuka akiponywa ghafla. Alikuwa na kikohozi chake cha kupandia kilima, tunakijua sote. Sasa hakohoi. Anakwenda kimya kama mtu aliyenuna, nami niliyekaa juu yake sijui anawaza nini. Juzi tumepanda kile kilima cha shamba la juu bila kusimama hata mara moja. Nilipofika kileleni nilikosa la kufanya, nikageuza, tukashuka.

2. Wakulima wamepotezwa. Kwa miaka yote hii hakuna aliyetazama saa shambani. Mvuke wa Mama Mkwe ukipanda, majembe yanawekwa chini, watu wanakula. Sasa wanainua vichwa, hawaoni mvuke, wanainama tena. Yule mzee wa shamba la bondeni, ambaye tangu zamani haamini kitu kingine, alilima mpaka kiza kikaanza kuingia, na mkewe alipomfuata na taa akamgombeza: "Taa ya nini wewe, hata mchana haujafika?" Mkewe amenitumia salamu ambazo siwezi kuziandika katika barua ya kiofisi.

3. Mwili wangu. Kanuni ni kanuni. Injini haichemki, kwa hiyo sishuki. Nakaa juu ya kiti cha chuma asubuhi hadi jioni, chakula naletewa huku huku juu kama kinda la ndege. Yapo na mambo mengine ambayo binadamu hulazimika kuyashukia, nayo nayavumilia. Hapo sitaongeza neno.

4. Maji ya umma. Hapa inanibidi nimtaje jirani mwenyewe, na namtaja kikazi tu. Ni yule mshonaji ambaye nyumba yake iko pale njia ya mashamba inapokata kona, mjane, mtu wa heshima zake, ambaye kila mmoja anamwita Bi Mshonaji. Kwa ajili ya trekta la chama alikuwa akiweka mapipa mawili ya maji chini ya mchirizi wa bati. Hakuna aliyemwagiza, na chama hakijawahi kumwandikia hata neno la ahsante. Sasa mapipa yamejaa na hakuna wa kuyachota. Nasikia chura amehamia katika pipa la pili. Habari hizi nimezipata kwa Karani, na kwa nini Karani anajua yaliyomo katika mapipa ya Bi Mshonaji ni jambo nitakalolifikia.

5. Ushonaji umeshuka. Wewe ni mtu wa mashine, Ndugu Mwenyekiti, huhitaji kuambiwa kwamba rejeta haifunguliwi ikiwa moto, itakumwagia maji ya moto usoni. Lazima usubiri ipoe. Nilikuwa nasubiria kwenye benchi la Bi Mshonaji, ukumbini kwake, mbele ya watu wote wapitao, milango ikiwa wazi. Na kwa kuwa sikuzoea kukaa bure, nilikuwa namsaidia kushika kitambaa anapokata. Kitambaa kirefu hakikatwi na mtu mmoja kikanyooka. Ndoo ya kwanza ilikuwa ya injini. Ndoo ya pili ilikuwa ya kunawa grisi kwa sabuni kabla sijagusa kitambaa cha watu. Ndoo ya tatu ilikuwa ya akiba, ambayo mwishowe nilikuwa naimwaga kwenye maua yake kwa kuwa haifai kurudisha maji pipani. Alikuwa akiniambia, "Dereva, shika tu, usivute. Wewe kila kitu unakivuta kama plau." Nikajifunza kushika bila kuvuta. Sasa anakata peke yake, na matokeo umeyaona mwenyewe: lile gauni jipya la shemeji, mkeo, upande wa kulia linafika kwenye kifundo na wa kushoto linaishia kwenye ugoko. Kwenye mkutano wa chama shemeji alisimama ameegemea ubavu mmoja ili lionekane sawa. Watu walidhani ni mguu. Si mguu, ni koki.

6. Usalama na amani. Benchi zuri halikai tupu. Namheshimu sana Karani wetu, na kama anasoma hapa namsalimu. Lakini tangu Mama Mkwe aache kuchemka, Karani amekuwa mtu wa kupeleka suruali kupunguzwa. Alianza na ile ya kijivu, ikapunguzwa. Siku ya pili akairudisha, eti bado ndefu. Leo ile suruali imekuwa kaptura, na Karani ana suruali nyingine nyingi nyumbani. Namwona kutoka kitini. Mama Mkwe akipita pale konani Karani ananipungia mkono, ameketi mahali pangu, na Bi Mshonaji anainua macho, ananitazama, anatazama rejeta, halafu anarudi kwenye cherehani yake. Mimi napita. Nitafanyaje, na injini imepoa? Mtu anayemtaka mwanamke kwa suruali anaweza kumpata, Ndugu Mwenyekiti, nami nitakuwa nimepita pale juu ya trekta zima linalofanya kazi vizuri.

7. Malalamiko sita yaliyotangulia ni matawi. Shina ni hili la saba, nami nitalisema bila kuzunguka, kwa kuwa

(Hapa karatasi imekatwa kwa mkasi.)

na hilo ndilo nililotaka chama kilijue.

Najua utaniuliza: kwani lazima trekta lichemke? Kwa nini usiende jioni, baada ya kazi, kama watu wengine? Dada yangu mkubwa, ninayekaa naye tangu nilipofiwa na mke wangu, ananiuliza hivyo hivyo kila akipakua chakula. "Simba mwenda pole ndiye mla nyama," namwambia. Ananijibu, "Wewe si simba mwenda pole, wewe ni simba aliyelala." Lakini fikiri, Ndugu Mwenyekiti. Mchana, mtu mwenye ndoo mkononi na grisi usoni akibisha hodi, kila mtu anajua anataka maji. Jioni, mtu mzima aliyenyoa ndevu, kavaa shati safi, mikono mitupu, anapobisha hodi kwa mjane, anataka nini? Hata mbuzi waliofungwa uani watajua. Na akiambiwa, "Hapana, ahsante," atarudi na nini nyumbani? Mwenye ndoo akikataliwa anarudi na maji. Mimi nilikuwa nakwenda na ndoo yangu, maneno yangu yakiwa tayari, nikingoja mchana mmoja ambao injini itachukua muda mrefu zaidi kupoa. Nilikuwa karibu sana. Fundi Kimya ameyazibua na maneno yangu, yakamwagika kabla sijayasema.

Kwa hiyo naomba yafuatayo.

Kwanza, tope lirudishwe. Chama hakitapata taabu ya kulitafuta, kwani nililizoa lote sakafuni na ninalo ndani ya kopo la rangi chini ya kitanda changu, limekauka lakini likiloweshwa litarudi hali yake. Wenzetu husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi naomba kuziba tundu dogo tu, linaloingia kidole cha mtoto.

Pili, ikiwa chama kitaona aibu kuharibu kilichotengenezwa, basi kanuni ya kwenye madigadi irekebishwe isomeke kwamba dereva anaweza kushuka adhuhuri, konani, akiona ipo haja. Haja yenyewe isitajwe. Rangi nitatoa mimi.

Tatu, Fundi Kimya apelekwe kwenye pampu ya kisima, akazibue huko kwa kadiri anavyotaka, mahali ambapo hakuna maisha ya mtu ndani ya bomba.

Ombi la kwanza na la pili yakikataliwa yote mawili, nitalazimika kulima kwa gia ya kwanza peke yake hadi msimu uishe, nikipita pale konani polepole kiasi ambacho mtu akiwa na la kunieleza atakuwa na nafasi ya kulimaliza.

Kama ushahidi, naambatanisha kile chuma chembamba chenye kindoano, ambacho Fundi alikisahau juu ya betri. Sijawahi kuona chombo cha namna hiyo katika kazi ya trekta. Naomba kichunguzwe kilitoka wapi, na nani alimpa.

Nisalimie shemeji, na mwambie upande wa kushoto unaweza kuongezewa pindo. Wasalimie watoto, wakwe na wajukuu, mlinzi wa banda, wajumbe wote wa kamati mmoja mmoja, na yule mzee wa bondeni, mwambie mchana huwa umefika jua likiwa utosini. Dada yangu naye anawasalimu. Karani namsalimu kwa mara ya pili.

Ni mimi mtumishi wenu, ninayeandika nikiwa nimekaa juu ya kiti cha chuma,

Dereva wa Mama Mkwe.

Nyongeza, kabla ya kufunga bahasha:

Ndugu Mwenyekiti, barua hii ilikuwa imekwisha, imebaki kuufunga ushahidi kwenye karatasi usije ukapotea njiani. Nyumbani hatukuwa na uzi. Dada yangu alisema uzi uko kwa mshonaji, akaingia chumbani kwake, akafunga mlango. Nikaona kuomba uzi si jambo baya. Nilinyoa ndevu kwa sababu zilikuwa zinawasha, na shati safi ndilo lililokuwa karibu. Nikafika pale konani jioni, watu wanapita, mbuzi wapo, na mkononi sina ndoo.

Nilipiga hodi. Alipofungua sikukumbuka nimefuata nini, nikamnyooshea ushahidi.

Akaupokea, akaugeuza, akasema, "Afadhali umeniletea sindano yangu ya kufumia. Nilimwambia Fundi akimaliza airudishe, na yule huwezi kumkumbusha, hata kujibu hajibu."

Nilimuuliza kama ni yeye aliyempa. Akasema si kumpa tu, alikwenda mwenyewe bandani akamwambia azibue, na Fundi alipomwonyesha waya wake unavyokatika ndani ya tundu, akarudi nyumbani kumletea sindano ambayo haikatiki. Nikamuuliza kwa nini anifanyie hivyo. Nakuandikia alivyosema, sikuongeza kitu:

"Miaka yote hii nakuwekea maji, Dereva. Nikasema siku moja nione kama miguu yako inaijua njia bila ndoo. Umechelewa mpaka nimekata suruali ya watu ikawa kaptura."

Akaniambia, kwa kuwa nimeshafika, ninawe, nimshikie kitambaa. Nikashika, bila kuvuta. Alipomaliza kukata akaiona barua ikichungulia mfukoni, akaitaka, nikampa, maana mikono ilikuwa imejaa kitambaa na sikuwa na namna ya kuizuia. Aliisoma yote kwa sauti. Kwenye gauni la shemeji alicheka mpaka akakaa chini. Anasema lilete wiki hii, litasawazishwa. Kwenye namba saba akaacha kusoma kwa sauti. Akaisoma kimya, akarudia. Humo niliandika kwamba nampenda, na kwamba sikuwahi kuhitaji ndoo ya tatu. Akasema, "Hii si ya Mwenyekiti." Akachukua mkasi ule ule wa vitambaa, akaikata, akaikunja, akaiweka ndani ya droo ya cherehani pamoja na vifungo vyake.

Kwa hiyo maombi yangu yote matatu nayafuta. Tope nitalimwaga kesho kwenye maua yake. Koki isiguswe na mtu, na Fundi Kimya aongezewe chochote ambacho chama huwa kinaongezea watu. Sindano haimo katika bahasha. Mwenyewe ameanza kuifumia kitu, hataki kuniambia ni nini, ila amenipima mabega.

Nilitaka kuichana barua hii. Bi Mshonaji amekataa. Anasema nikuletee hivi hivi, na tundu lake, kwa kuwa inafunguliwa kwanza na Karani.